Mlango wa Ngamani

Kazi ya mjenzi wa chombo ni kuziba. Miezi nenda miezi rudi anaziba: ubao unalazwa juu ya mataruma, ukingo wake unarandwa mpaka mwanga usipenye kati yake na ubao wa jirani, kisha pamba inashindiliwa kwa patasi butu ndani ya kila mshono, kalafati juu ya kalafati, mpaka maji yakose pa kupita. Halafu siku moja sitaha inakamilika, imenyooka, inanukia mninga uliotoka kwenye randa, na mtu yule yule aliyeziba kila kitu anachukua skwea na penseli, anachora mstari katikati ya kazi yake mwenyewe, anatoboa kona kwa keekee, anaingiza msumeno. Anakata shimo. Hana budi, kwa sababu injini lazima iingie, na ikishaingia lazima ifikiwe. Nimekaa muda mrefu nikiliwaza tendo hilo la kuyafungulia maji mlango baada ya kuyanyima nyufa zote, na sijaona tendo jingine la useremala linalodai ujasiri wa namna hiyo.

Boti iliyonipa mawazo haya inajengwa katika ua wa nyumba, kandokando ya barabara ya kutoka Ipinda kwenda Matema, wilayani Kyela, mahali ambapo Ziwa Nyasa lenyewe halionekani. Unaona mpunga, migomba, mikakao iliyovuka uzio, na upande wa mashariki milima ya Livingstone imesimama wima, mawingu yamekaa kifuani pake. Chini ya mwembe mkuku umelala juu ya magogo. Mwenye boti ni mkulima, si fundi wa meli. Ujuzi wake ni wa macho na wa mikono, wa kutazama wenzake na kurudia. Injini yenyewe ilikuwa pembeni, chini ya turubai: dizeli ya Kichina ya silinda moja, iliyokwisha kutumika miaka mingi kuzungusha mashine ya kukoboa mpunga, na pumba bado zimeganda kwenye mafuta ya ubavuni mwake. Kabla ya kukata chochote, mzee yule aliingia ndani ya boti, akapiga magoti ngamani pale injini itakapokaa, akashika hendeli ya kuwashia, akaanza kuizungusha hewani taratibu, duara zima, huku mwanawe akitia alama ya chaki kila mahali kiwiko cha baba kilipogusa ubao. Walirudia kwa mkono wa kushoto. Walirudia tena, safari hii mzee akiwa ameinama upande mmoja, kana kwamba boti imelalia wimbi. Alama zile za chaki, zilizopinda na kupishana, ndizo zilizokuwa ramani ya shimo.

Jirani aliyekuwa ameegemea uzio hakuridhika. "Mzee, shimo kubwa hivyo si litaidhoofisha sitaha? Ungekata dogo, la kutosha mkono na spana."

"Mwanangu," alijibiwa, "nikikata dogo leo, siku injini ikitaka kutoka nitakata sitaha yote. Na siku hiyo sitakuwa hapa chini ya mwembe."

Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Boriti za sitaha ndizo zinazoushika ubavu wa kulia na wa kushoto visiachane. Ukizikata katikati, ubavu unabaki unajishikilia wenyewe, na wimbi linajua kuutafuta. Kwa hiyo kila boriti iliyokatwa hulipiwa: mbao mbili nene hulazwa kwa urefu wa chombo, moja kila upande wa shimo, zikifungwa kwenye boriti nzima za mbele na nyuma, na ncha za zile zilizokatwa zikakalishwa ndani yake kwa ulimi na tundu. Nguvu iliyotolewa katikati inarudishwa kandoni. Lakini udogo nao una gharama yake. Injini kama ile ina uzito unaozidi kilo 100, haitoki kwa kupindishwa. Inatoka kwa kuinuliwa wima, kwa mti uliolazwa juu na kamba na wanaume wanne. Nozeli inaweza kubadilishwa kupitia tundu dogo, na belti pia. Pistoni iliyokwama haitolewi hivyo. Mimi namuunga mkono mzee. Nimeona boti ambazo mfuniko wake ulikatwa kwa kuionea sitaha huruma, na mtu akalazimika kulala kifudifudi, kichwa chini miguu juu, akipapasa skrubu asiyoiona, mafuta ya dizeli yakimpanda puani, na chombo kinayumba. Mtu wa hivyo hatengenezi kitu. Anavumilia tu mpaka atapike.

Maana ziwa hili, kwa upande huu wa kaskazini, halitoi nafasi ya kufikiri. Ukitazama ramani utaona Nyasa limenyooka kutoka kusini kuja kaskazini kwa zaidi ya kilomita 550, jembamba, limebanwa na kuta za Bonde la Ufa. Kati ya Mei na Agosti mwera unavuma kutoka kusini-mashariki ukilisukuma ziwa kwa urefu wake wote, na mawimbi yaliyoanza mbali, mahali ambapo mtu wa Kyela hajawahi kufika, yanakuja kumaliza hasira yao huku, kwenye mchanga wa Matema na Itungi. Upepo unaweza kuwa umetulia Matema na bado wimbi likaingia, zito, la juzi. Julai 1946, ndani ya msimu huo huo, meli iitwayo Vipya ilizama upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa, na zaidi ya watu 100 wakafa. Na chini ya Livingstone, kutoka Ikombe kushuka Lumbila, mlima unaingia majini bila kuomba ruhusa. Hatua chache kutoka jiwe la pwani nanga yako haioni tena chini. Kina cha ziwa hili kinafika mita 700 hivi. Injini ikizima hapo hakuna kutia nanga usubiri. Una makasia, una muda kidogo kabla ya wimbi kukulaza ubavu, na una mfuniko wa kufungua.

Kwa sababu hiyo shimo haliachwi tambarare na sitaha. Linajengewa ukingo, mbao nne zilizosimama kulizunguka, ili maji yatakayopanda sitahani yakute ukuta kabla ya kukuta mlango. Ukingo uwe na kimo gani? Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 unaohusu mistari ya shehena uliweka milimita 600 kwa milango ya sehemu za meli zinazopigwa zaidi na bahari, na milimita 450 kwa sehemu zilizojificha kidogo. Nyuma ya tarakimu hizo kuna makaburi yasiyo na alama. Hata majitu hufia hapo: mwaka 1980 meli ya Uingereza iitwayo Derbyshire, yenye urefu wa karibu mita 300, ilipotea katika tufani kusini mwa Japani na watu wake wote 44, na uchunguzi uliokamilika mwaka 2000 ulionyesha kwamba maji yalianza kuingia puani kupitia mabomba ya hewa yaliyovunjika, pua ikalala chini kidogo kidogo, mpaka mawimbi yakaanza kuangukia mifuniko ya shehena nayo ikapasuka. Boti ya uani haimo katika mkataba ule. Kimo cha ukingo wake hupimwa kwa goti la mwenyewe, na goti linajua jambo ambalo tarakimu haijui: kwamba ukingo ukizidi, tumbo la fundi litakatikia juu yake kila atakapoinama kuifikia injini. Mzee alipandisha ukingo mpaka chini ya goti, akakaa juu yake, akainama, akaushusha kiasi cha unene wa vidole viwili. Pale nilimwona akipima hofu mbili kwa wakati mmoja: hofu ya wimbi na hofu ya kushindwa kuufikia moyo wa chombo wimbi likija.

Wimbi si adui pekee. Watu wa pwani, wa Tanga, Bagamoyo na Lamu, wana adui ambaye Kyela haina. Fukusi wa baharini anakula mbao kutoka chini, na ndiyo maana mashua hupandishwa mchangani, ikababuliwa kwa moto na kupakwa shahamu. Huku maji ni matamu, fukusi huyo hayupo. Lakini chumvi inayomlea fukusi ndiyo hiyo hiyo inayoihifadhi mbao isioze, na ziwa halina chumvi ya kutoa. Boti za Nyasa huoza kutoka juu, kwa mvua. Na Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Inashuka kutoka milima ya Rungwe, inakaa, inarudi, mpaka mito ya Songwe na Kiwira inapanda kingo na mpunga unageuka ziwa la pili. Maji hayo hukusanyika kwenye kona za mfuniko wa injini, yanalala, yanapenya kwenye kichwa cha skrubu, na baada ya misimu michache ubao unaouona mzima unaingia kidole. Kwa hiyo mfuniko mzuri una mgongo, umeinuka katikati ili mvua iteremke, na midomo yake inashuka nje ya ukingo kama kifuniko cha sufuria kinachovalia nje, si kile kinachotumbukia ndani. Kilichotumbukia ndani kina ubaya mwingine. Mbao hunywa. Mfuniko ulioingia vizuri mwezi Septemba, umekaa sawasawa mpaka wapita njia wakausifu, Aprili utagoma kufunguka. Utakuwa umevimba ndani ya fremu yake, na mwenye boti atasimama ziwani akiupiga kwa nyundo. Mzee aliacha pengo la kupitisha kipande cha mkaa pande zote. Kwa jicho la Septemba pengo lile ni uzembe. Nililipenda kuliko kitu kingine chochote katika boti ile, kwa kuwa lilikuwa limejengwa kwa ajili ya mwezi ambao haujafika.

Kuna hewa pia. Dizeli inavuta pumzi nyingi, na ukiifungia ndani ya sanduku lisilo na tundu itachoka, itatoa moshi mweusi, itapata joto mpaka mikono isiguse. Ukiiachia wazi, inapumua vizuri, na chombo kinakunywa ziwa. Yale matundu ya hewa ya ubavuni mwa sanduku, yaliyokatwa juu kabisa na kufunikwa kwa vibao vilivyolala mteremko, ni mapatano kati ya mambo mawili yasiyopatana. Mwenye kutumia petroli ana sababu ya ziada ya kuyaheshimu, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka ngamani na kukaa huko kimya ukingoja cheche.

Siwezi kuandika juu ya hewa na matundu bila kuvuka nchi kwenda Ziwa Viktoria. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikaelea juu chini, na ndani yake kulikuwa na watu wanaogonga chuma. Waliokuja kuokoa walitoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli juu ya maji ikatoka kwa tundu lile, na meli ikazama. Kila nikiikumbuka siku hiyo nawaza mikono iliyoshika mashine ya kukatia: mikono ya huruma, yenye haraka ya upendo, isiyojua kwamba mlango haufunguliwi popote tu. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika ziwa lile lile, karibu na kisiwa cha Ukara, na kuua zaidi ya watu 220. Siku ya pili baada ya ajali, wakati wengi walikuwa wamekata tamaa, fundi mitambo wa kivuko alitolewa akiwa hai. Alikuwa amejifungia katika chumba chenye hewa. Tundu moja liliwamaliza waliokuwa wakigonga, mlango mmoja uliofungwa ulimhifadhi aliyekuwa nyuma yake. Mjenzi wa uani, anapoamua pa kukata na pa kuziba, yumo katika hesabu hiyo hiyo, hata kama boti yake itabeba watu kumi na magunia ya mchele.

Na itabeba. Kuanzia Matema kushuka kusini, vijiji vya chini ya Livingstone vimeishi miaka mingi kwa maji tu, milima ikiwa imevinyima barabara. Mgonjwa wa Lumbila husafiri kwa maji, na mwalimu anayeripoti kazini naye vivyo hivyo. Ipo meli ya serikali, MV Mbeya II, iliyojengwa hapa hapa Itungi, na meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma. Lakini meli ina ratiba, na uchungu wa uzazi hauna. Hivyo boti za mbao zinaendelea kuzaliwa chini ya miembe. Siku za soko utaona wanawake wa Kikisi wa Ikombe wakileta vyungu vyao Lyulilo, vimepangwa ndani ya chombo na nyasi kati yake visigongane. Sasa tazama mahali pa kukaa. Sitaha imejaa, abiria anatafuta pa kuweka mzigo, na katikati kabisa, pakavu, pameinuka, pana joto zuri asubuhi ya baridi, upo mfuniko wa injini. Gunia linawekwa. Mama mwenye mtoto anaketi juu yake. Juu ya gunia linawekwa gunia. Hakuna mwenye nia mbaya. Lakini kuanzia dakika hiyo injini imezikwa, na nahodha ambaye kila mara alikuwa akiweka kiganja juu ya ubao ule kusikiliza mtetemo, kama ni ule wa kawaida au kuna kitu kinagongana, hana tena pa kuweka mkono.

Waswahili wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ukisimama omo unaona unakokwenda, ukikaa tezi unashika usukani, na heshima yote ya chombo iko huko kwenye ncha mbili. Chini katikati ni giza, maji machafu, harufu ya oili. Huko ndiko kila safari inakoishia kuulizwa. Nadhani msemo huo ulisubiri injini ili utimie, kwa kuwa zamani ngamani palikuwa pa kuteka maji tu, na leo ndipo pa nguvu yenyewe. Mwaka 1914, katika ziwa hili hili la Nyasa, Waingereza walilijua hilo. Agosti ya mwaka ule, meli yao Guendolen iliikuta meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhafen, Liuli ya leo. Hawakuhangaika kuibomoa. Walichukua sehemu za mtambo wake wakaondoka nazo, na meli ikabaki imesimama, nzima kwa macho, haina safari.

Tunapenda vitu vilivyofunikwa vizuri. Simu nyingi tulizonazo mikononi hazina skrubu inayoonekana. Gari jipya lina mfuniko wa plastiki juu ya injini, na juu ya mfuniko nembo. Kinyume chake kuna ile dizeli ya mashine ya mpunga, ambayo kijana wa Ipinda anaifungua kwa spana namba 17 na 19, anazipanga nati juu ya gazeti kwa mpangilio wa kutoka kwake, anasafisha, anarudisha. Ni mbaya ya sura, ina kelele, na inakubali kuguswa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sijui kama msemo huo ulikusudiwa watu peke yao. Kitu kinachoruhusu kufunguliwa kinamfanya mtu wake awe mjuzi, kinamfundisha kila kinapoharibika. Kile kisichofunguka kinamfanya mtu wake awe abiria hata akiwa ndiye mwenye mali. Boti ya Ipinda ni maskini kwa mengi, lakini mwenyewe ataweza kuingiza mikono yake miwili mpaka chini kabisa, usiku, kwa tochi, wakati mwera unavuma, na kila atakachokishika atakijua kwa jina.

Kabla ya kufunga bawaba, mzee alipigilia juu ya mgongo wa mfuniko vipande viwili vya mbao, vimesimama kwa ncha. Mwanawe alidhani ni vya kushikia. Vilikuwa vya kuzuia watu: gunia halitakaa pale, wala abiria hataona raha kuketi. Havikuwa vizuri kutazama. Ni busara kubwa, na ningependa niione kwenye kila boti inayotoka Matema, na wakaguzi wa TASAC, wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini, waidai kama wanavyodai majaketi ya kuokolea.

Nawe unayepanda boti hizi, uwe unakwenda Lumbila, Lupingu au mbali zaidi mpaka Manda, kabla ya kuketi utazame mfuniko wa injini uko wapi. Kama kuna mzigo juu yake, mwambie nahodha kwa heshima aushushe, na kama ni gunia lako, lishushe wewe.